Karani asibebeshwe makosa ya mfumo

Bwana Mhariri,

Zikizungumzwa huduma mbovu za ofisi za umma hapa Pemba, lawama zote humwangukia karani wa dirishani: mvivu, mkali, kompyuta imemshinda. Huitishwa semina ya huduma kwa wateja, watu wakarudi, na foleni ikabaki ileile. Karani hachoshwi na kompyuta. Anachoshwa na kuulizwa juu ya mambo asiyo na mamlaka nayo.

Chukua kibali kimoja. Karani hupokea fomu, huingiza taarifa kwenye mfumo, huambatisha kitambulisho, hutoa namba ya malipo, husubiri malipo yaonekane, huomba idhini ya mkubwa wake, ndipo achape. Umeme wetu tangu 2010 unakuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na ukikatika, jenereta haiwaki papo hapo. Kompyuta ina UPS, yaani kifaa cha betri cha kuishikilia umeme ukikatika, haizimiki. Lakini ruta na swichi, vifaa vinavyoifikishia kompyuta mtandao, mara nyingi zimechomekwa kwenye soketi ya kawaida. Umeme ukipotea hata sekunde kumi, kompyuta inaendelea kuwaka huku mtandao umekufa. Ruta huchukua dakika kadhaa kurudi, mfumo humtoa karani nje, na fomu inayohifadhiwa pale tu inapokamilika huanzwa upya. Mwananchi aliye mbele ya kioo anaiona kompyuta inawaka na karani amekaa tu. Atamwita nani zaidi ya mvivu? Vifaa hivyo viwili havili umeme mwingi. UPS ndogo moja inatosha kuvishikilia mpaka jenereta iwake. Hiyo ilistahiki kununuliwa kabla ya kulipia semina.

Mzigo wa pili ni leja. Ofisi nyingi zimeingiza mfumo bila ya kufunga daftari la zamani, kwa hivyo kila ombi linaandikwa mara mbili na jioni hesabu lazima zilingane. Zisipolingana, karani anabaki baada ya saa 9:30 kutafuta risiti moja. Kutumia vyote viwili kwa muda ni jambo la maana, maana ndivyo mfumo mpya unavyohakikiwa, lakini tarehe ya kufunga leja iandikwe tangu siku ya kwanza. Isipoandikwa, hakuna mkubwa atakayethubutu kuifunga. Kwa saa za mkatiko zitoshe fomu zilizochapwa zenye namba za mfululizo, na ajulikane kwa jina nani atakayeziingiza mtandao ukirudi.

La idhini ni baya zaidi. Mara nyingi anayeidhinisha ni mtu mmoja, na namba ya siri huingia kwenye simu yake. Akiwa kikaoni Unguja au yumo kwenye boti, maombi ya Wete, Chake Chake na Mkoani yanamsubiri yeye. Hapo ndipo watu huanza kuazimana nywila, na hili ni la hatari kubwa: mfumo huandika jina la mwenye nywila, hauandiki la aliyebonyeza, na fedha zikipotea hana la kujitetea. Dawa yake ni kaimu kupewa idhini kwa jina lake mwenyewe, kwa tarehe maalumu, nayo ifungwe mkubwa akirudi.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Karasek alieleza kwamba msongo huzidi pale kazi inapokuwa nzito na mfanyakazi hana uamuzi juu ya namna ya kuifanya. Dirisha letu ndilo hilo hasa. Na juu yake, mwisho wa mwezi karani anapimwa kwa idadi ya vibali tu, kwa hivyo anakimbilia idadi, na majina yanakosewa. Jina lililokwisha kuchapwa vibaya linahitaji ombi jipya na idhini mpya. Muda wake ni mkubwa kuliko wa kuliandika kwa utulivu.

Ombi letu kwa wakuu wa taasisi ni daftari la mkatiko katika kila ofisi: saa mtandao ulipokatika, saa uliporudi, sababu yake, na watu waliokuwemo foleni. Liwekwe mezani pamoja na fomu ya tathmini ya mtumishi, na vihesabiwe pia vibali vilivyorudishwa kwa makosa. Nakala yake ipelekwe kwa maafisa TEHAMA kila wiki, wajue ni ofisi gani ya kuanzia.

Watumishi wa umma,
Chake Chake, Pemba