Mnunuzi naye ana dhamana kwa pweza

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie ufungaji wa miamba ya pweza kwa muda, yaani kusimamisha uvuvi ili pweza wakue, unaofanywa na baadhi ya vijiji vyetu, kikiwemo Kisiwa Panza kule Pemba. Lawama zote za kuvuliwa pweza wadogo huelekezwa kwa wavuvi. Sisi wanunuzi hatutajwi.

Pweza hukua upesi mno. Akiachwa miezi michache tu huongezeka uzito maradufu. Jike hutaga mara moja maishani, huyalinda mayai yake, kisha hufa. Kwa hiyo anayenunua pweza mchanga anakula na kizazi ambacho hakijazaliwa. Najua maisha ni magumu, na fungu la pweza wadogo ni nafuu kwa mama mwenye watoto wa kulisha. Huyo simlaumu. Lakini mikahawa na hoteli zinazonunua kwa wingi zina udhuru gani? Hasara inawaangukia kwanza wanawake wanaoshuka pwani kwa miguu kutafuta pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana.

Napendekeza kamati za wavuvi ziweke mizani kila diko, pale samaki wanaposhushwa na kunadiwa, pweza wadogo wasinadiwe kabisa. Hoteli nazo ziulize pweza katoka wapi kabla ya kulipa, na sisi tunaonunua soko la Darajani tuulize vivyo hivyo.

Mnunuzi,
Mjini Unguja