Usiitupe ile plasmidi

Rehema mwenzangu,

Habari za siku nyingi? Sisi wazima. Mama Tunu anakusalimu, na anasema ile ahadi yake hajaisahau. Mengine yatafuata siku nyingine, maana tangu nisome barua yako nina jambo moja tu kichwani: RF2 yako, ile protini inayokomesha utengenezaji wa protini, inayokataa kuongezeka.

Unasema umeiingiza prfB, jeni ya RF2, kwenye plasmidi (kipande cha DNA cha mviringo) yenye nakala nyingi, ukaotesha bakteria E. coli, na kwenye jeli mstari wa protini ukatoka karibu sawa na ule wa seli za kawaida. Msimamizi anadhani umeunganisha vibaya, nawe umechoka unataka kuanza upya. Tafadhali usiitupe. Kwa maelezo yako sioni kosa lolote la mkono. Nadhani jeni yenyewe inajizuia.

Unakumbuka kodoni, yaani herufi tatu tatu, za kukomesha: UAA, UAG na UGA. Hazisomwi na tRNA, inayoleta asidi amino, husomwa na protini. RF1 inasoma UAA na UAG, RF2 inasoma UAA na UGA. Sasa fungua mfuatano wa prfB uhesabu hadi kodoni ya 26. Utakuta UGA! Protini nzima ina asidi amino 365, na huko mwanzoni kabisa imewekewa alama ya kusimama, tena alama ambayo kati ya hizo mbili ni RF2 peke yake inayoitambua.

Ribosomu, mashine inayotengeneza protini, ikifika hapo husita. RF2 ikiwa tele, moja huingia na kazi huishia papo hapo: kipande cha asidi amino 25, kinachovunjwa upesi na ambacho jeli yako isingekionyesha. RF2 ikiwa haba, ribosomu inangoja, na katika kungoja huko tRNA ya lusini iliyoshika CUU huteleza herufi moja mbele, ikashika UUU. Basi kodoni inayofuata si UGA tena, ni GAC, asidi aspatiki, na usomaji unaendelea hadi mwisho. Tena nyuma kidogo kuna AGGGGG, inayoshikana na RNA ya ribosomu yenyewe na kuisukuma iteleze.

Craigen, Caskey na wenzao waliliandika hili mwaka 1985 na 1986, na mimi kila nikilirudia nafurahi upya. Hakuna protini nyingine iliyokaa kando kuhesabu. RF2 inapimwa kwa kazi yake yenyewe: ikiweza kukomesha hapa, ipo ya kutosha, ikishindwa, inatengenezwa nyingine. Na tazama kodoni iliyokaa pale. Ingekuwa UAA, RF1 nayo ingeingia na kipimo kingevurugika. UGA tu ndiyo inayofaa.

Kwa hiyo wewe umeongeza nakala za jeni, mRNA, nakala inayosomwa na ribosomu, bila shaka imeongezeka, lakini kila RF2 inayozaliwa inakwenda kufunga mlango kwa zinazofuata. Dawa yake inajulikana: ondoa U moja, CUUUGAC iwe CUUGAC, ili usomaji uende moja kwa moja bila kuteleza. Ila ukifanya hivyo uwe mwangalifu. Kama seli zako ni za K-12, aina moja ya E. coli, RF2 yake ina threonini pahali pa 246, na ikizidishwa sana inazidhuru seli. Ikiwa na alanini hapo haina shida hiyo. Nisingependa upate protini halafu seli zife, msimamizi akaanza tena maneno yake.

Na si bakteria peke yao, ndiyo maana siwezi kulala nalo. Sisi wenye seli zenye viini tuna eRF1, protini ya kukomesha inayosoma zote tatu. Kwenye mmea wa Arabidopsis, mwaka 2017 ilielezwa kwamba mRNA ya eRF1 moja inaishia kwa UGA iliyozungukwa na herufi zinazofanya ipitwe kwa urahisi, na baada yake kuna introni (kipande kinachokatwa mRNA ikiandaliwa), kitu kinachoifanya mRNA ionekane mbovu na iharibiwe. eRF1 ikitosha, ribosomu inasimama vizuri na mRNA inavunjwa. Ikipungua, ribosomu inapita mbele na mRNA inanusurika. Hapo hapatelezi chochote! Mbinu nyingine kabisa, ila kinachopimwa ni kile kile, kukomesha.

Nimekuandikia mengi, lakini barua yako ilinitia wasiwasi, hasa pale uliposema labda maabara si mahali pako. Mtu aliyeona mstari hauongezeki akakataa kudanganya matokeo, ni wapi pengine pake?

Sasa nijibu. Ulipima mRNA, au protini tu? Kingamwili uliyotumia inashika mwanzo wa RF2 au mwisho wake? Seli ni K-12 au B? Jeni uliichukua nzima, pamoja na hiyo UGA, au kuna mtu aliyeigusa kabla yako? Na yule bwana wa chumba cha pili, bado anakunyang'anya zamu ya mashine? Umepumzika lakini? Msimamizi atakupa muda wa kubadilisha herufi moja?

Nitumie mfuatano leo ukiweza, kuanzia kodoni ya 20 hadi ya 30, hata kama mengine hujajibu.

Wako,
Zuhura