Launcha ya VR ni ya bure, sasa fundi anakudai hela ya nini?

Juzi mteja aliondoka dukani kwetu Makoroboi, Mwanza, amenuna, akisema tumemla hela yake. Alilipa sh 5,000 tumpimie simu, tukamwambia haifai kwa miwani ya VR, ile unayoichomekea simu ukaona video kana kwamba umo ndani yake, ambayo tayari alikuwa ameshainunua. "Launcha yenyewe ya bure, nimeishusha kwa bando langu!" Maneno hayo tunayasikia mno, kwa hiyo leo tunayajibu.

Ni kweli, launcha nyingi ni za bure. Ni programu ya simu, na kazi yake ni kubadili sura ya simu: badala ya skrini ya kwanza uliyoizoea, unapata picha mbili, moja ya jicho la kulia na moja ya kushoto, unachagua michezo na video ukiwa umevaa miwani bila kuichomoa simu kila mara. Mwisho wake ni hapo. Haiwezi kuipa simu kifaa ambacho kiwandani hakikuwekwa.

Kifaa chenyewe ni jairoskopu, ndiyo inayohisi kichwa kikigeuka. Simu nyingi za bei ya chini hazina; zina akselerometa tu, inayojua simu imelala au imesimama. Vaa miwani na simu ya namna hiyo, utageuza shingo mpaka iume na picha iko palepale. Dada mmoja wa Igoma alidanganywa kwenye kundi la WhatsApp kwamba kuna faili la APK, yaani programu ya kusakinisha nje ya Play Store, "linalofungua jairoskopu". Akaliweka. Matangazo yakawa yanafunika skrini hata akiwa anaongea na simu, na bando la wiki halifikishi siku mbili. Kuisafisha simu ile kulimgharimu hela nyingi kuliko ya kupima, na jairoskopu hakuipata.

Kupima unaweza mwenyewe, hatufichi. Kwenye Samsung nyingi andika *#0*# pale pa kupigia, ufungue sehemu ya sensa, yaani vihisi vya simu, uone kama jairoskopu imo. Au fungua video ya nyuzi 360 YouTube, uizungushe simu mkononi. Kama picha inasogea kwa kidole tu, miwani usinunue.

Ila kinachotuumiza zaidi ni hiki. Mtu anaweka launcha, inamuuliza kama aifanye ndiyo skrini ya kwanza ya kudumu, anakubali bila kusoma. Kila akibonyeza kitufe cha kurudi mwanzo anakutana na picha mbilimbili, anadhani simu imeharibika. Anamuuliza jirani, jirani anamwambia "piga reset". Anabana vitufe, simu inafutika yote: picha za harusi, namba za wateja, mazungumzo. Ikiwaka, inadai akaunti ya Google iliyokuwemo mwanzo, naye nenosiri alishalisahau, maana akaunti alifunguliwa na muuzaji siku ya kununua. Mzee mmoja mchuuzi wa dagaa kutoka Sengerema alituletea simu ya hivyo, wadeni wake wote walikuwa humo. Tulihangaika naye mpaka akaunti ikapatikana, ila majina ya wadeni hayakurudi, kwa sababu hayakuwahi kuhifadhiwa kwenye akaunti. Na dawa yake ingekuwa ya dakika moja: mipangilio, programu chaguomsingi, programu ya skrini ya kwanza, unachagua ile ya zamani. Basi. Ukishindwa, njoo, hiyo hatutozi.

Halafu kuna miwani ya mtumba. Kijana anayetembeza watalii alinunua Gear VR, miwani ya Samsung, awaonyeshe wageni video za Saanane na Rubondo kabla ya kupanda boti. Simu yake Galaxy Note 10. Gear VR ilitengenezwa kwa baadhi ya Galaxy tu, na Note 10 ya mwaka 2019 haimo. Mwaka huohuo Google nao waliachana na Daydream, mfumo wao wa VR ya simu, kwa hiyo ukiuziwa miwani ya jina hilo kwa bei ya kutupa, jua sababu. Kijana tulimtafutia miwani ya kawaida ya lenzi mbili, ya mtindo wa Cardboard ya Google iliyoanza 2014, tukaiskani QR yake, ile alama ya miraba midogo iliyochapwa kwenye miwani. Wengi wanairuka hatua hiyo. QR ndiyo inayoiambia programu lenzi zimekaa umbali gani na zinapinda picha kiasi gani. Bila hiyo kingo zinajikunja, na mtu anavua miwani kichwa kinamgonga.

Kwa hiyo sh 15,000 ya kuweka launcha hatulipishi kubonyeza "sakinisha". Tunahifadhi kwanza picha na namba zako, tunapima sensa, tunaweka launcha kutoka Play Store, tunaskani QR, tunakuvalisha na kukuachia uangalie video nzima tuone kama simu inachemka au picha inaburuta. Ukishaweka kwetu, ile 5,000 ya kupima inakatwa humo. Simu ikigoma kwenye kipimo, unalipa 5,000 tu, na tutakuandikia aina za simu zinazofaa kwa bajeti yako.

Ukija, njoo na miwani yenyewe, simu ikiwa na chaji, na nenosiri la akaunti yako ya Google ulikumbuke.