Barua kwa Mwanangu, Kabla Hujapanda 404

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako mama yako kanifikishia, na swali lako kalileta kama ulivyolisema: "Kwani baba si angetia tu injini ya Toyota kwenye hiyo Peugeot yake akamaliza?" Nilicheka, kisha nikanuna kidogo, kisha nikachukua kalamu. Kwenye simu tukianza kubishana mtandao unakatika, na kila mara unakatika wewe ukiwa juu.

Ningekuwa nataka gari la kwendea sokoni, ya Toyota ningeshaitia na chenji ikabaki. Mimi najenga Peugeot 404 ilivyokuwa mwaka 1966, siku za Pasaka, ikingoja bendera ya Safari, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Mwaka ule Bert Shankland, Mskoti mkazi wa Dar es Salaam, alishinda na msoma ramani wake Chris Rothwell, na 1967 wakarudia, na 404 vilevile. Nowicki na msoma ramani wake Cliff nao walishinda na 404 mwaka 1963 na tena 1968, na katika kila mmoja wa miaka hiyo miwili magari yaliyofika mwisho yalikuwa 7 tu. Pasaka ni masika, unajua udongo wetu unavyokuwa. Babu yako aliwahi kunipandisha mabegani pale Korogwe nione yanavyopita. Nilichoona ni tope tupu na taa mbili. Nikalia tulipoondoka.

Sasa hiyo injini unayotaka niitupe. Ina ujazo wa sisi (cc) 1618, imelala upande nyuzi 45, ndiyo maana boneti iko chini vile. Slivu zake, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zinachomoka. Ukuta wa silinda ukiliwa, huhangaiki kutafuta mashine ya kuchonga bloku. Unatoa slivu, unaweka nyingine, unafunga hedi, safari inaendelea. Fundi wa Singida mwenye spana na taa ya chemli aliweza kazi hiyo. Wewe umesomea mitambo, niambie ni gari gani la leo utalifanyia hivyo chini ya mwembe.

Kilichonitesa ni pampu ya kunyunyizia petroli. Haina kompyuta wala umeme wa kuipangia. Ni chuma na chuma, inagawia kila silinda sehemu yake kwa zamu. Ya kwanza niliyouziwa iling'aa kama sufuria ya harusi, kufungua ndani nikakuta gundi ya chuma. Pesa ile nimeshaisamehe, usimkumbushe mama yako. Ya pili niliitoa kwenye mkweche uliogeuzwa banda, kuku wakitaga kiti cha nyuma. Mwenyewe hakutaka hela, alitaka banda jipya. Nikamjengea banda, la bati na wavu, zuri kuliko gereji yangu. Pampu nikaiosha kwa muda wa usiku 9, kwa dizeli na mswaki, vipande nimevipanga kwenye sinia la pilau kwa mpangilio wa kutoka. Hilo sinia ndilo linalotafutwa hadi leo.

Siku ya kuiwasha nilitumia hendeli, kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono, betri ilikuwa imechoka haiwezi kuizungusha. Nawe utaizungusha, basi ushike hivi: dole gumba liwe upande mmoja na vidole vingine, usilizungushe kwenye chuma. Injini ikipiga kinyume, hendeli inarudi kwa nguvu, na gumba lililokumbatia linavunjika. Vuta kuelekea juu, usisukume chini. Mara ya nne ikakohoa, ya tano ikashika, na yule jogoo wa jirani akanyamaza.

Nimeipandisha mlima wa Amani mara mbili. Kupanda ni raha, gia iko kwenye usukani, unaibadilisha kwa vidole. Kushuka ndiko kuna maneno. Breki zake ni za ngoma magurudumu yote manne, na ngoma ikipata moto haishiki tena hata ukikanyaga kwa miguu miwili. Mara ya kwanza nilishuka kama navyoshuka na pikapu. Kona ya tatu nikasikia harufu ya kitambaa kuungua, pedali ikazama, mbele yangu mama kabeba kuni. Nikaingiza gia ya pili kwa kishindo na nusu ya gari ikaingia kwenye shamba la chai. Mama alinitazama, akaitazama gari, akasema, "Pole mzee, ni la zamani eh?" Siku hizi gia naiingiza kabla ya kona, breki naibusu tu. Cha leo nilichokubali ni mikanda ya viti na mtungi wa kuzimia moto. Hapo mama yako hakutaka mjadala.

Kuna bwana alikuja kulitaka, kwa bei ambayo ningekutumia nusu yake ukashtuka. Ila alitaka nibadilishe kibao cha namba ya chesisi, akalipeleke Ulaya kama moja ya yale yaliyokimbia Safari. Nikampa chai, akanywa, akaenda. Chini ya boneti nimegongomea kibati cha shaba kimeandikwa NAKALA. Siku nikiondoka usikibandue. Ndiyo sababu hata milangoni sijaandika namba ya Shankland. Ile ni yake, aliitolea jasho. Yetu utaichagua wewe.

Maana kiti cha kushoto ni chako. Pasaka njoo, simu utaiacha nyumbani. Nimekutafutia ramani ya karatasi, imechanika kwenye mikunjo lakini Handeni inasomeka. Utanisomea kona nami nitakusikiliza, jambo ambalo mama yako anasema hajawahi kuliona.

Ukipita Gerezani, pale Dar kwenye vipuri, niangalizie mpira wa juu wa rejeta. Wa 404, siyo wa 504, hata wakikuapia ni mmoja. Nimeuchora nyuma ya karatasi hii kwa kipimo chake, ulalize juu ya mchoro kabla hujatoa hela.

Baba yako