Mwanangu anataka nimhamishie nyumba ili kusiwe na mirathi

Shangazi mpendwa,

Nakuandikia saa kumi alfajiri na sijapata usingizi hata kidogo. Mume wangu alifariki miaka mitatu iliyopita bila kuacha wosia, na katika kikao cha ukoo kule Marangu shemeji yangu alisimama mbele ya wazee akasema kwamba mwanamke haji na kihamba, yaani shamba la ukoo, hukikuta. Nilikaa na marehemu miaka 34, na migomba ile niliitia samadi kwa mikono yangu.

Ukoo ulimpendekeza shemeji awe msimamizi wa mirathi, nami nikaweka pingamizi katika Mahakama ya Mwanzo, si kwa kupenda kesi bali kwa ajili ya watoto. Shauri lilichukua miezi 14, na muda wote huo fedha za marehemu zilizokuwa benki hazikugusika, hata karo ya chuo nikaikopa kwenye kikoba. Ndiyo maana niliapa kwamba watoto wangu hawatapita njia hiyo.

Sasa kitindamimba wangu, ambaye kwa desturi yetu ndiye hubaki na nyumba ya wazazi, ananitaka nimhamishie hati ya nyumba ya hapa Moshi mjini, ambayo katika mgawo iliangukia kwangu. Anasema wosia hautamwondolea usumbufu, kwa sababu hata nikiuandika na kuuhifadhi RITA, ule wakala wa serikali unaotunza wosia, nikifa bado utapelekwa mahakamani kuthibitishwa. Nimeuliza, na ni kweli. Lakini hati ikishabadilika jina nitakuwa mpangaji wa mwanangu, na siku akiiweka rehani, dada zake wawili watamlalamikia nani? Mahakama hiyo hiyo iliyonitesa, iliponiteua mimi kuwa msimamizi, ilinitaka niwasilishe orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne, kisha hesabu ya nani amepata nini. Nilinung'unika sana, lakini ni karatasi zile zilizomnyamazisha shemeji, wala si machozi yangu.

Mwanangu si mtoto mbaya, naomba usimfikirie hivyo. Nilipougua mwaka jana ndiye aliyelala nami hospitalini, wala dada zake hawakuja hadi wiki ya pili. Lakini juzi, nilipomwambia asubiri, alinijibu kwamba kiwanja kile alikinunua baba. Hakupaza sauti. Mimi nilimsikia baba yake mdogo akisema tena kwamba hukikuta.

Je, nikimnyima hati nikaandika wosia wa kuwapa wote watatu, nitakuwa nawarithisha kesi niliyoapa kuwaepusha nayo? Au ninamwadhibu mwanangu kwa neno la mtu mwingine? Tafadhali usinishauri niitishe kikao cha familia, kwa maana vikao ninavijua. Anataka jibu kabla ya Desemba, wote watakapopanda Marangu kwa Krismasi, na kuna saa nyingine naona heri nisaini tu niweze kulala.

Mama wa watoto watatu,
Moshi