Mzee apate usingizi kabla ya upasuaji

Mhariri,

Mama yangu ana miaka 78. Mwezi uliopita aliteleza uani, akavunjika nyonga. Upasuaji uliahirishwa mara mbili, akakaa wodini siku tatu bila usingizi: taa zinawaka hadi alfajiri, maumivu kila akijigeuza, saa nane usiku anaamshwa apimwe presha. Asubuhi ya upasuaji aliniambia, "Mwanangu, adhana imenikuta macho tena."

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake jioni akaanza kuniita kwa jina la dada yake marehemu, anavuta dripu, anataka kuchomoa mpira wa mkojo. Asubuhi akawa mzima, akawaulizia wajukuu mmoja mmoja. Jua lilipozama, hali ikarudi. Shangazi akasema ni jini. Wengine wakasema ndio uzee.

Muuguzi wa zamu, Mungu ambariki, alitueleza kwamba akili ya mzee inaweza kuvurugika ghafla baada ya upasuaji. Wenyewe huiita diliriamu, na aliyekosa usingizi kabla ya kupasuliwa yumo hatarini zaidi. Alitukataza pia kumpa kwa siri vidonge vya usingizi au dawa za mafua zinazolewesha, maana kwa wazee huzidisha kuchanganyikiwa.

Kijana wangu anayesomea uuguzi alinisomea utafiti wa Marekani wa mwaka 1999, uliofuatilia wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi. Hawakuwa wa upasuaji, lakini waliosaidiwa kulala, kutembezwa, kunyweshwa maji na kuvaa miwani yao, waliovurugikiwa walikuwa 10 hivi katika kila 100, wasiosaidiwa, 15. Usingizi wenyewe waliuletaje? Maziwa ya moto, kusuguliwa mgongo, kupunguza kelele, kupanga upya saa za dawa. Nilitokwa na machozi. Maziwa ya moto yangetushinda?

Naomba wakuu wa hospitali zetu: mzee akilazwa kusubiri upasuaji, aulizwe analalaje. Apewe dawa ya maumivu mapema. Taa zipunguzwe, na kipimo kinachoweza kungoja kingoje asubuhi.

Na ndugu mmoja aruhusiwe kubaki. Sisi tulitolewa nje kila jioni, mpaka yule muuguzi aliponiruhusu kulala mkekani kando ya kitanda. Mama akishtuka, namshika mkono: "Mama, ni mimi, uko hospitali, leo Jumanne." Ananitazama, anafumba macho. Siku ya sita aliniita kwa jina langu.

Mwalimu mstaafu,
Chumbageni, Tanga