Wenye studio za zamani Dodoma, msichome negativu

Mheshimiwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye studio za zamani za picha hapa Dodoma, na hasa warithi wao. Msichome negativu, ile mikanda ya filamu iliyopigwa kwenye kamera na ambayo picha za karatasi huchapishwa kutokana nayo.

Tangu Serikali ihamie, nyumba za zamani za Majengo, Uhindini na Chang'ombe zinauzwa na kubomolewa, na mnunuzi anataka vyumba vitupu. Mpiga picha akifariki, watoto wanagombania kamera kwa kuwa inauzika. Maboksi ya negativu yanatupwa uani. Juzi niliitwa kwenye nyumba moja nikayakuta yamerundikwa yakisubiri kiberiti. Nilichomoa ukanda mmoja nikauinua juani. Ilikuwa harusi. Bwana harusi kavaa suruali ya bugaluu, bibi harusi kashika maua ya plastiki, nyuma yao pazia la studio lililochorwa ndege ikipaa. Pembeni mwa mkanda mtu aliandika kwa kalamu ya wino: "Mvumi, nakala 3". Watu hao huenda wana wajukuu leo, na picha ya ukutani ilishaliwa na mchwa.

Wengi wananijibu kwamba picha wamekwisha kuipiga kwa simu. Simu inapiga karatasi iliyofifia, pamoja na mng'ao wa kioo cha fremu. Negativu ndiyo iliyokuwa ndani ya kamera siku ile. Zile za mkanda wa 120, zenye upana wa sentimita 6, ukiziprinti kubwa leo unaona hadi mshono wa kola.

Na zilipatikana kwa jasho. Dawa ya kusafishia mkanda wa nyeusi na nyeupe, yaani ya kuitokeza picha, inataka nyuzi 20, na Dodoma mwezi wa Oktoba maji ya tangi yanatoka ya moto, kwa hiyo tuliyapooza kwenye mtungi kuanzia usiku. Maji ya visima yana chumvichumvi, yakikaukia juu ya mkanda yanaacha madoa meupe. Suuzo la mwisho tulitumia maji ya mvua tuliyokinga tangu masika. Mkanda ukishaanikwa, hakuna kufungua mlango, maana vumbi la hapa mnalijua.

Wenye negativu za rangi wafanye haraka zaidi. Nyeusi na nyeupe imebeba chembe za madini ya fedha, na ikisuuzwa vizuri inavumilia miaka mingi sana. Ya rangi haina fedha tena, inaondolewa wakati wa kusafisha na kubaki rangi tupu, ambazo joto na mwanga vinazifuta taratibu. Ukifungua boksi ukasikia harufu kali ya siki, ujue plastiki ya mkanda imeanza kuoza. Boksi hilo litenge na mengine.

Hata hivyo, mji wetu una neema ambayo Tanga au Dar es Salaam hawana. Kule unyevunyevu unaleta ukungu unaokula mkanda wote. Hapa pakavu. Kinachotuua ni joto, basi usiweke maboksi darini chini ya mabati. Weka kabatini, chumba chenye kivuli, kila ukanda kwenye bahasha ya karatasi, siyo mfuko wa nailoni.

Naiomba Halmashauri ya Jiji na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa watenge chumba. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 inashughulika zaidi na nyaraka za umma, lakini nani alipiga picha za kawaida za Dodoma ilipotangazwa makao makuu mwaka 1973, kama siyo wenye studio? Wanafunzi wa Mazengo Sekondari, wasafiri wa stesheni, wachuuzi wa sokoni, wote wamo humo. Na chumba hicho kiwe na utaratibu: sura ya mtu isirushwe mitandaoni kabla ndugu zake hawajaulizwa. Hili nalisema kwa uchungu, nimeshaona likifanyika.

Wakati tunasubiri, asiye na pa kuweka amkabidhi mpiga picha mkongwe wa mtaani kwake. Kwangu napokea, hata yaliyolowa. Mkileta maboksi, tafuteni na daftari la risiti. Majina ya waliomo yameandikwa humo, na bila hilo tutabaki na sura tusizozijua.

Mpiga picha wa studio,
Chang'ombe, Dodoma